Watafiti Walipata Nini Nakivale?

[MUZIKI WA KIPINDI. UNASHUKA POLEPOLE.]

Leo tunazungumza juu ya afya ya akili, na juu ya utafiti uliofanywa hapa hapa Nakivale.

Kuna swali linaloulizwa sana katika vijiji vyetu. Watu wa chuo kikuu wanakuja na makaratasi. Wanauliza maswali saa nzima, wanaandika, kisha wanapanda gari na kwenda. Sisi tunabaki na nini?

Ni swali la haki. Aliyetoa majibu yake anastahili kujua yalifika wapi. Basi leo tunaurudisha utafiti mmoja nyumbani.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz cha Ujerumani walifanya kazi Nakivale. Kamati ya maadili ya chuo chetu cha umma cha hapa karibu, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, ilikagua utafiti wao na kuukubali. Wakati huo wakimbizi wengi waliohojiwa walikuwa Wanyarwanda na Wasomali. Watafiti walikuta wengi wana ugonjwa unaoitwa kiwewe: karibu Wasomali 48 katika kila 100, na Wanyarwanda 32 katika kila 100.

Kiwewe ni nini? Ni pale jambo baya lililopita linapokataa kupita. Mtu yuko Nakivale, lakini usiku mwili wake uko kule alikokimbia. Mlango ukigongwa, moyo unaruka. Akisikia harufu fulani au kelele, anaona tena yale yale. Anakwepa watu, anakasirika upesi, hapati usingizi. Wengine humwita mwenye mapepo au mvivu. Ukweli ni kwamba amejeruhiwa, ila jeraha lake halionekani.

Sasa, tatizo lilikuwa hili: wagonjwa ni wengi, na madaktari wa akili ni wachache sana. Nani atawatibu? Watafiti wakajaribu jambo ambalo wengi waliliona gumu. Walichukua watu wa kawaida kutoka jamii za wakimbizi, wasio madaktari wala wauguzi, wakawafundisha kwa muda wa wiki sita. Kisha watu hao wakaanza kuwahudumia wenzao, kwa lugha yao wenyewe.

Wagonjwa 277 waligawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilisimulia maisha yao kwa mpangilio, katika mikutano sita. Kundi la pili lilipata ushauri wa kawaida juu ya shida zao. Kundi la tatu halikupewa tiba, lilifuatiliwa tu ili watafiti wapate kulinganisha.

Tulieleze kidogo kundi la kwanza. Mshauri na mgonjwa huanza kwa kutandaza kamba chini. Kamba hiyo ni maisha ya mtu, tangu kuzaliwa. Panapo furaha, wanaweka ua: siku ya harusi, mtoto wa kwanza, shamba lililozaa vizuri. Panapo uchungu, wanaweka jiwe. Halafu mgonjwa anasimulia, hatua kwa hatua. Akifika penye jiwe, haruki. Mshauri anamuuliza polepole: ilikuwa wapi? Ilikuwa saa ngapi? Uliona nini, ulisikia nini, mwili wako ulihisi nini? Na sasa, hapa ulipoketi, unahisi nini? Mshauri anayaandika yote. Mkutano unaofuata anayasoma kwa sauti, na mgonjwa anasahihisha. Mwishoni mgonjwa anapewa maandishi ya maisha yake, mawe pamoja na maua.

Pengine unasema: mimi hadithi yangu nimeisimulia mara nyingi. Niliisema mpakani, nikaisema kwa OPM, nikaisema kwa UNHCR, na bado sijapona. Ni kweli. Lakini kule uliulizwa ili uamuliwe kama unastahili karatasi. Ulisema kwa haraka, ukiogopa kukosea tarehe. Hapa hakuna anayekuhukumu, na hakuna anayekukatiza penye jiwe. Ubongo unapata nafasi ya kuweka jambo lile mahali pake na mwaka wake: ilikuwa kule, ilikuwa wakati ule, imekwisha.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Katika waliosimulia maisha yao, 70 katika kila 100 hawakuwa tena na kiwewe walipopimwa miezi kadhaa baadaye. Katika waliopata ushauri wa kawaida, walikuwa 65 katika kila 100. Katika wale waliofuatiliwa tu, ni 37. Hata malalamiko ya mwili yalipungua kwa waliotibiwa. Na katika waliosimulia, walioacha njiani walikuwa 4 tu katika kila 100, kumbe kwa ushauri wa kawaida waliacha 21.

Ndugu msikilizaji, tazama maana yake. Tiba hiyo ilitolewa na wakimbizi kwa wakimbizi. Nakivale iliuonyesha ulimwengu kwamba jirani aliyefundishwa vizuri na kusimamiwa vizuri anaweza kumsaidia mwenzake kupona. Hicho ndicho kilichobaki kwenu.

Lakini tusidanganyane. Katika kila 100, watu 30 waliosimulia walibaki na ugonjwa. Tiba hii haileti mgao wa chakula wala shamba. Na si mchezo wa kujaribu barazani. Usimlazimishe mtu kufungua jeraha lake kisha ukamwacha limewa wazi. Anayefanya kazi hii lazima awe amefundishwa.

Basi ufanye nini leo? Kama wewe au mtu wa nyumbani ana dalili tulizotaja, na zimepita mwezi mmoja, nenda kituo cha afya cha karibu, au mwambie VHT wa kijiji chako. Omba kuonana na mhudumu wa afya ya akili. Mgonjwa mzito anaweza kupewa rufaa hadi hospitali ya Mbarara. Na mtu akisema anataka kujiua, mwamini. Usimwache peke yake, mpeleke siku hiyo hiyo.

Na mtafiti mwingine akibisha hodi? Una haki zako. Muulize anatoka wapi, na nani amempa kibali. Muulize majibu yako yatatunzwaje, na matokeo yatarudi kwenu lini. Unaweza kukataa. Unaweza kuanza kisha ukaacha katikati. Ukikataa, hakuna ruhusa ya kukunyima chakula wala matibabu. Na akija mtu anayesema kwamba ukimjibu utapelekwa Marekani au Kanada, huyo si mtafiti. Utafiti hauna uwezo wa kumhamishia mtu nchi ya tatu.

Ukikubali, jibu kwa ukweli. Waliojibu wakati ule walikuwa na uchungu kama wenu, na majibu yao yamewafundisha washauri wa nchi nyingi.

Juma hili, mwulize kiongozi wa kijiji chako swali moja: utafiti wa mwisho uliofanyika hapa, matokeo yake yako wapi? Muulizeni pamoja, katika mkutano, ili jibu lisikike na wote.

Mpe jirani karatasi hii ukimaliza kuisoma.

[MUZIKI UNAPANDA. MWISHO WA KIPINDI.]