Mtoto Anataka Kupanda Kayaki Ziwani

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi watasema si la kliniki: raha ya kupiga kafi ziwani.

Limenijia hivi. Mama mmoja aliniletea binti yake wa miaka 12. Mtoto alikuwa amechapwa, machozi hayajakauka. Jana yake, saa saba mchana, alikuwa ametoroka na wenzake, wakachukua mtumbwi wa mvuvi na kwenda kucheza kwenye magugu maji. Hakuna hata mmoja aliyevaa jaketi la kuokolea maisha. Mama alitaka nimpime kichocho, kisha nimwonye asilikaribie ziwa tena.

Nilimwambia kwamba kipimo cha leo hakiwezi kuonyesha maji ya jana. Mayai ya kichocho huanza kuonekana kwenye choo baada ya wiki sita hadi nane hivi. Kuhusu kumwonya, nilimuuliza, "Mama, kwenu watoto wana mahali gani pengine pa kucheza?" Alinyamaza. Huku kwetu hakuna uwanja na barabara imejaa bodaboda. Ziwa ndilo lililo mlangoni.

Ni kweli kwamba Ghuba ya Winam si mahali rahisi pa michezo ya maji. Kuna magugu maji, kuna viboko, kuna kichocho, na mvua ikinyesha mito huleta uchafu wote wa mjini. Wenzetu wa Pwani wana nafuu kidogo. Kule Kilifi na Mida mkono wa bahari huingia ndani, maji yametulia, na maji ya chumvi hayana konokono wa kichocho. Sisi tuna ziwa letu. Lakini hata hapa kuna saa nzuri na mahali pazuri, ukijua hatari yenyewe imekaa wapi.

Kayaki ni chombo chembamba. Unakaa chini karibu na maji na kupiga kafi lenye bapa pande zote mbili. Mabega yanafanya kazi, tumbo linafanya kazi, na akili inapumzika. Mimi mwenyewe nilianza nikiwa na hofu, na siku ya kwanza nilizunguka mahali pamoja kama kuku aliyefungwa mguu. Sasa naona hakuna dawa ya uchovu wa wiki inayoshinda nusu saa kwenye maji tulivu.

Sasa sikiliza kwa makini. Konokono wa kichocho hukaa kwenye maji ya kina kifupi, karibu na ufuo, penye majani na magugu. Wadudu wanaotoka kwa konokono hao hupenya ngozi, hata kama haina kidonda. Huko mbali penye kina kirefu hatari hiyo ni ndogo sana. Kwa hiyo mwenye kayaki huambukizwa zaidi anapopanda na anaposhuka, akiyakanyaga yale maji yenye majani. Tafuta gati, au mawe yaliyoingia majini, mtoto apande bila kulowa. Kama hakuna, avae gambuti na mtu mzima ashikilie chombo. Mkirudi, mwoshe kwa maji safi mliyokuja nayo, umfute kwa taulo kwa nguvu mara moja. Kufuta husaidia kidogo tu, usikutegemee.

Na saa? Wadudu hao hutoka kwa wingi jua likiwa kali, takriban saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Alasiri nayo upepo wa ziwa huvuma na mawimbi huinuka. Basi utasema twende alfajiri. Hapana, mama! Kiboko hula nyasi nchi kavu usiku na kurudi majini kunapopambazuka, na ole wake atakayekuwa njiani. Ngoja jua litoke vizuri. Kati ya saa moja na nusu na saa tatu na nusu asubuhi ndiyo nafasi yetu. Kwanza waulize wavuvi au watu wa BMU viboko wamelala upande gani leo. Wao wanajua, na wakisema msiende, msiende. Vilevile msiende baada ya mvua kubwa, wala maji yakiwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika.

Jaketi la kuokolea maisha halina mjadala. Mfunge mtoto, kisha mshike jaketi mabegani ulivute juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno, nalo litamponyoka majini. Mtungi mtupu si jaketi. Mwambie mapema kwamba chombo kikipinduka akishikilie, asijaribu kuogelea hadi ufuoni. Mtoto mwenye kifafa asiende kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Na akizama mtu? Mrushie kamba, au mtungi uliofungwa vizuri, au mnyoshee kafi. Wengi hufa kwa kuruka majini kumwokoa mwenzao. Akitolewa, usimning'inize kichwa chini wala usimkandamize tumbo ati maji yatoke. Hayo yanapoteza muda. Kama hapumui, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, umpulizie pumzi mdomoni, kisha ubonyeze kifua, huku mwingine akitafuta gari.

Kichocho kina dawa, praziquantel, nayo humezwa baada ya chakula. Usinunue ya kubahatisha dukani, kwani kipimo hutegemea uzito wa mtoto. Na kama mmekuwa ziwani, rudini kituoni baada ya wiki nane hata kama hakuna anayeumwa. Tumbo kuuma, choo chenye damu na uchovu huja polepole, na mwalimu hudhani mtoto ni mvivu.

Yule binti alirudi na mama yake baada ya miezi miwili. Mayai yalionekana. Alipewa dawa, akaimeza, akakunja uso. Nilidhani mama atasema, "Unaona sasa?" Badala yake aliniuliza jaketi la mtoto wa kilo 34 linapatikana wapi. Nilimwelekeza kwa wavuvi walio na ya kukodisha. Walikwenda Jumamosi iliyofuata, saa mbili asubuhi, mama akiwa amekaa gatini na taulo mapajani na mtungi wa maji safi kando yake.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya chanjo ya surua. Kwaherini.