Mbegu ya Viazi Huchaguliwa Shambani, Si Ghalani
(Hotuba ya Katibu, iliyosomwa mbele ya Wanachama siku ya kuadhimisha miaka 10 ya Chama)



Tumepewa heshima ya kusema machache katika sikukuu hii. Waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za maghala, hisa na bei, nao wamezieleza vyema. Sisi tumechagua jambo dogo lililo nyuma ya jiko la kila mwanachama, yaani bustani ya viazi mviringo. Katika Nyanda hizi za Juu za Kusini, viazi vya shamba kubwa huenda sokoni, lakini viazi vya bustani hulisha watoto wakati mahindi ya zamani yamekwisha na mapya hayajakomaa. Bustani ikikosa, nyumba yakosa.

Yatupasa tuanze kwa kuungama kosa. Katika mwaka wa pili wa Chama chetu, wanachama kadhaa walikosa mbegu. Ofisi, kwa nia njema, ilikusanya viazi vidogo vilivyobaki baada ya magunia kujazwa, ikachanganya vya kijiji hiki na vya kijiji kile, ikavigawa. Kwa macho vilikuwa safi, havina kidonda wala uozo. Baada ya majuma machache mashina yakaanza kulegea wakati wa jua kali na kuinuka jioni. Kisha yakalala, yasiinuke tena. Ulikuwa mnyauko wa bakteria. Bustani ambazo hazikuwa zimeujua ugonjwa huo ziliupokea kutoka mikononi mwetu. Mama mmoja mjane alitujia ofisini, akatuuliza bila hasira, "Sasa, mwanangu, mahali pale nipande nini?" Hatukuwa na jibu siku ile.

Ndugu Wanachama, mnyauko huu hauna dawa ya kupuliza. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na katika kiazi chenyewe, na katika nchi ya baridi kama yetu kiazi huweza kuvibeba bila kuonyesha dalili yo yote. Kadhalika yako magonjwa ya virusi, yanayoenezwa na vidukari, ambayo hukunja majani na kudhoofisha shina. Shina lililodhoofika huzaa viazi vidogo. Basi mtu auzaye vikubwa na kupanda vidogo vya mwisho wa rundo, bila kujua, huchagua vile vilivyotoka katika mashina magonjwa, na kila msimu mavuno yake hupungua. Atalaumu mvua, atalaumu udongo, ilhali kosa li katika kikapu chake.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: mbegu ichaguliwe mmea ungali kijani. Viazi vinapoanza kutoa maua, pita bustanini na vijiti. Tafuta shina lenye matawi mengi manene, na majani ya kijani kibichi yasiyokunjamana wala kuwa na madoa ya manjano. Simika kijiti hapo. Baada ya majuma mawili rudi tena. Shina lililougua, ng'oa kijiti chake. Ukishuku mnyauko, kata kipande cha shina karibu na udongo, ukining'inize katika glasi ya maji safi. Zikishuka nyuzi nyeupe kama maziwa, ni ugonjwa huo. Ng'oa mmea pamoja na viazi vyake, uutupe mbali na bustani. Usiutie katika shimo la mboji.

Majuma mawili kabla ya kuvuna, kata majani yote ili ngozi ya viazi ikomae. Chimba kwanza mashina yenye vijiti, moja moja. Shina lenye viazi vichache au vyenye umbo baya, vipeleke jikoni. Katika mashina mema, twaa viazi vya ukubwa wa yai la kuku.

Watu huuliza, "Je, vitatosha?" Tufanye hesabu. Bustani ya mita 9 kwa 6, yenye nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mbegu, ina mistari 8 ya mbegu 30, yaani mbegu 240. Kila moja ikiwa na gramu 50, jumla ni kilo 12 tu. Shina jema likitupa mbegu 6, twahitaji mashina 40. Simika vijiti 60, maana vingine vitang'olewa. Hasara ya kutouza kilo 12 ni ndogo kuliko hasara ya kuvuna kilo 12.

Mbegu isitiwe katika gunia wala gizani. Itandazwe juu ya kichanja, tabaka mbili au tatu, mahali penye hewa na mwanga lakini pasipopigwa na jua. Itageuka kijani na kutoa machipukizi mafupi yenye nguvu. Likitokea chipukizi moja tu kileleni, livunje ili macho mengine yaamke. Akina mama watuwie radhi kwa kuwakumbusha wanalolijua: kiazi cha kijani kina sumu, kisiingie chunguni.

Wakati wa kupanda, usikate mbegu, kwani kisu hupeleka ugonjwa kutoka kiazi hata kiazi, na kipande kilichokatwa huoza upesi katika udongo wenye maji. Chimba mfereji wa kina cha sentimita 10 hadi 15. Tia samadi iliyooza vizuri. Ukitumia mbolea ya dukani, ichanganye na udongo isiguse mbegu. Laza mbegu, machipukizi yakitazama juu, ufukie. Mimea ikifikia kimo cha sentimita 20 hivi, palilia na kuinulia udongo, ili viazi visichomwe na jua. Wala usipande mahali palipokuwa na viazi, nyanya, bilinganya, pilipili au tumbaku msimu uliopita, kwa sababu mazao hayo ni ya jamaa moja, na mnyauko huyapata yote. Igawe bustani mafungu manne, uzungushe viazi, mahindi, maharage na kabichi.

Hata hivyo, uchaguzi mwema hauondoi kila ugonjwa uliojificha. Kwa hiyo twaiomba Halmashauri mambo mawili. Kwanza, kila baada ya misimu michache Chama kinunue mbegu kidogo iliyothibitishwa na TOSCI, kwa ushauri wa watafiti wa Uyole, izidishwe katika shamba moja safi la kila kijiji. Pili, ofisi isigawe tena hata debe moja la mbegu pasipo kuandikwa limetoka shamba gani, na nani alilikagua likiwa kijani. Samaki mmoja akioza, wote huoza. Nasi tumekwisha kulipa ada ya kulijua hilo.

Yule mama leo analo jibu. Fungu lake la zamani lina mahindi na kabichi. Maotea ya viazi huyang'oa kila ayaonapo, na jembe la upande ule huliosha kabla ya kulihamisha. Viazi vyake viko upande wa pili wa nyumba, na msimu huu amesimamisha vijiti 60. Tulipomtembelea alitukataza kuingia bustanini mpaka tufute udongo viatuni. Tulifuta.