Wasifu wa Marehemu na Madeni Yake: Desmond Tutu na Palestina



Katika mazishi ya Waislamu wa pwani yetu, kabla jeneza halijainuliwa, husimama mtu wa familia akauliza hadharani: nani anamdai marehemu? Makanisani tuna wasifu. Karatasi imechapwa usiku wa manane, inataja alikozaliwa, alikosoma, vyeo vyake, watoto na wajukuu. Madeni hayamo. Askofu Mkuu Desmond Tutu alipofariki Cape Town tarehe 26 Desemba 2021, akiwa na umri wa miaka 90, dunia nzima ilimsomea wasifu: Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1984, Tume ya Ukweli na Maridhiano, kicheko chake, jeneza la mbao za bei nafuu alilolitaka mwenyewe. Palestina ama ilirukwa, ama ilitajwa kama doa kwenye kanzu nyeupe. Siku chache tu baada ya kifo, kabla hata hajazikwa, mwanasheria mashuhuri wa Marekani alikwenda kwenye televisheni akamwita mchukia Wayahudi. Angalau huyo alisema alichokuwa nacho moyoni. Wengine walimsifu Tutu huku wakimnyofoa kipande.

Wapalestina walifiwa na rafiki, na mimi nataka kuuliza lile swali la pwani.

Tuanze Krismasi ya mwaka 1989. Makaburu walikuwa bado madarakani, Mandela yuko gerezani. Tutu alikwenda Yerusalemu, akaongoza ibada Beit Sahour, mji wa Wakristo jirani na Bethlehemu ambao wakazi wake walikuwa wamegoma kulipa kodi kwa wanajeshi wa Israeli waliowakalia. Alikwenda pia Yad Vashem, jumba la kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na Wanazi. Hapo aliomba Mungu awasamehe hata waliofanya mauaji yale, na watu wengi wakakasirika. Nawaelewa waliokasirika, msamaha wa mtu mwingine si rahisi kuugawa. Lakini ndivyo alivyokuwa, alisema hivyo hivyo kuhusu waliomtesa yeye.

Baadaye alisimulia jinsi alivyokuwa akitembea Yerusalemu na Naim Ateek, kasisi wa Kianglikana kama yeye, Mpalestina aliyefukuzwa pamoja na familia yake kutoka Beisan mwaka 1948 akiwa mtoto. Ateek alinyoosha kidole: nyumba yetu ilikuwa kule, sasa wanakaa wengine. Kwa Mwafrika Kusini kidole kile hakihitaji mkalimani. Mwendo mfupi kutoka Kanisa Kuu la Mtakatifu George, alikohudumu Tutu, kuna District Six, mtaa uliotangazwa kuwa wa wazungu mwaka 1966. Wakazi walihamishwa, nyumba zikavunjwa, na mpaka leo utamkuta mzee amesimama kwenye majani anakuonyesha jiko lilipokuwa. Tutu alipowaambia watu wa Boston mwezi Aprili 2002 kwamba aliyoyaona kwenye vizuizi vya Ukingo wa Magharibi yalimkumbusha kwao, wakosoaji wake walitaka awape nadharia. Yeye alikuwa anatoa ushahidi.

Na ushahidi huo uligharimu. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha St. Thomas, Minnesota, kilikataa kumwalika kwa sababu ya maneno yake kuhusu Israeli. Kelele zilipozidi, mkuu wa chuo akabadili uamuzi. Nalitaja hapa kwa kuwa sisi nasi ni chuo.

Sasa Beit Hanoun, kaskazini mwa Gaza. Alfajiri ya tarehe 8 Novemba 2006 makombora ya mizinga ya Israeli yaliangukia nyumba za watu waliolala, na watu 19 wakafa, wengi wao wa ukoo mmoja wa Al-Athamna. Jeshi lilisema mtambo wa kuelekeza mizinga ulikuwa na hitilafu. Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa likamteua Tutu, pamoja na Christine Chinkin, profesa wa sheria wa London, waende wakaone. Israeli haikuwapa ruhusa ya kupita. Hebu fikirini: mzee wa miaka 75, mshindi wa Nobel, anasubiri viza miezi na miezi ili akahesabu makaburi. Angeweza kuandika barua ya masikitiko na kubaki Cape Town, na hakuna ambaye angemlaumu.

Mwishoni mwa Mei 2008 waliingia Gaza kwa upande wa Misri, kupitia Rafah. Walikaa na walionusurika, wakatazama matundu ya kuta, wakasikiliza. Tutu alikutana pia na Ismail Haniyeh, kiongozi wa Hamas, akamwambia maroketi yanayorushwa kwa raia wa Israeli lazima yakome. Ripoti yao ilifika Geneva mwezi Septemba mwaka huo. Ilisema kwamba, jeshi la Israeli likiwa halijatoa maelezo ya kuridhisha, upo uwezekano kuwa shambulio lile lilikuwa uhalifu wa kivita. Ililaani maroketi pia. Miezi kabla ya hapo jeshi lilikuwa limekwisha kuamua kwamba hakuna askari atakayeshtakiwa.

Nije kwetu. Nchi hii ilivunja uhusiano wa kibalozi na Israeli mwaka 1973 na ikaipa PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, ofisi Dar es Salaam. Leo panda daladala yoyote utazame kioo cha mbele: bendera ya Israeli, pembeni yake mstari wa Zaburi. Dereva hana ugomvi na mtu wa Gaza, pengine hata hajui kama kuna Wapalestina wanaosali Baba Yetu. Amefundishwa madhabahuni kwamba Israeli ya Biblia na serikali ya Israeli ya leo ni kitu kimoja. Tutu alisoma kitabu cha Kutoka katika Biblia ile ile, akamkuta Mungu upande wa anayefinyangishwa matofali, awe nani. Maaskofu wetu wanaomnukuu kila Desemba hawajaligusa hilo.

Najua swali la kwanza mtakaloniuliza: Oktoba 7. Tutu alizaliwa tarehe 7 Oktoba 1931. Siku wapiganaji wa Hamas walipowaua na kuwateka raia wa Israeli mwaka 2023 angetimiza miaka 92. Sitamsemea marehemu. Aliyomwambia Haniyeh ana kwa ana yapo kwenye kumbukumbu, na ya Beit Hanoun yapo pia. Anayetaka kumtumia inabidi ayachukue yote mawili. Afrika Kusini ilipofungua kesi dhidi ya Israeli huko The Hague tarehe 29 Desemba 2023, ilikuwa miaka miwili na siku tatu tangu afariki.

Mji wa Beit Hanoun wenyewe umebomolewa karibu wote katika vita vilivyofuata Oktoba 7. Katika mapendekezo ya ripoti ya mwaka 2008, baada ya fidia na uwajibikaji, kuna jambo dogo ambalo wasomaji wengi hulipita: Israeli iwajengee watu wa mji huo kumbukumbu itakayowafaa majeruhi. Wajumbe walitoa mfano wa kliniki ya mazoezi ya viungo.