Maana na Matumizi ya Kitenzi "Kukauka" katika Mwambao wa Rumonge



Mada niliyokabidhiwa yahusu kitenzi ambacho kila mtoto wa mwambao wa Ziwa Tanganyika hukijua kabla hajajua kusoma, nacho ni *kukauka*. Na kwa kuwa Kiswahili kimo Rumonge, katika mwambao wa Burundi, tangu zama za biashara na misafara ya Ujiji katika karne ya 19, naona ni haki tukichunguze kitenzi hiki papa hapa kinapotumika kila siku, mahali ambapo riziki ya nyumba nyingi hutegemea kuijua maana yake barabara.

Maana na mnyumbuliko

Kukauka ni kuondokewa na maji au unyevu. Zingatieni kwamba kinachotajwa ni kitu kilichobaki: twasema nguo imekauka, kisima kimekauka, koo limekauka, ilhali maji yenyewe, yapandapo hewani, huelezwa kwa maneno mengine, kwamba yamegeuka mvuke. Kitenzi hiki, basi, hutoa hukumu juu ya hali ya kitu, wala hakisimulii kazi iliyofanywa juu yake. Na hoja yangu yote imesimama hapo.

Katika shina hilo hupatikana *kukausha*, kwa kanuni ileile iletayo kuchemsha kutoka kuchemka. Hupatikana *kukaukia*, kama tope likaukiapo ubavuni mwa mtumbwi. Na hupatikana sifa ya *-kavu* na jina *ukavu*. Jirani yake ni *kunyauka*, neno lisemwalo kwa jani au ua lililopotewa na uhai pamoja na maji.

Ndagala na jua

Ndagala, samaki wadogo wa ziwa hili, huvuliwa usiku wa kiza, kwa nuru ya taa ziwavutazo juu, na kunapopambazuka hupokelewa ufukoni ili waanikwe. Kuanika ni kutandaza juani. Kuanua ni kuondoa juani. Kukausha ni kukifikisha kitu kwenye ukomo wa unyevu wake. Na kukauka ni huo ukomo wenyewe. Kirundi nacho kina jozi hii, kwani husema *kwanika* kwa kutandaza na *kwuma* kwa kukauka, hata mzungumzaji wa lugha zote mbili akawa hana udhuru wa kuchanganya maana hizo mbili. Hata hivyo husikika muuzaji akisema ndagala wake wamekauka, kwa hoja kwamba wameshinda juani tangu asubuhi, kumbe ni wakavu ngozini na wabichi tumboni, na gunia likishafungwa na kupandishwa milimani, kuvu na harufu mbaya hudhihirisha kwamba samaki wale walianikwa tu. Wahenga waliosema *samaki mkunje angali mbichi* walitupa, pamoja na funzo la malezi, kipimo cha tijara: ndagala aliyekauka hakunjiki, huvunjika.

Ndiyo sababu chanja za wavu wa waya, ambazo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilishughulika kuzieneza katika mwambao huu wa Burundi tangu mwaka 2004, zina faida isiyo haba: hewa hupita juu na chini, mchanga haushiki, na samaki hukauka pande zote mbili kwa muda mfupi kuliko alazwapo ardhini.

Mwili wa binadamu na ziwa

Katika majazi, kitenzi hiki aghalabu huonyesha upungufu. Mate humkauka aliyeingiwa na hofu, sauti humkauka aliyepiga kelele mno, na mwenye macho makavu ni mtu asiyeona haya. Kote huko kimeondoka kitu kilichostahiki kuwapo, ilhali katika ndagala na nguo kimeondoka kisichotakiwa.

Ziwa nalo lina hukumu yake. Maji ya Tanganyika huondoka kwa jua na upepo kwa wingi mno kuliko yatokayo kwa Mto Lukuga, ulio njia yake ya pekee ya kutokea, walakini ziwa lenye kina cha mita 1,470 haliwi limekauka kwa sababu hiyo. Husemwa kuwa limepungua. Mwaka 2024, ziwa lilipofurika na kuingia katika nyumba za Rumonge, yaliyongojwa yalikuwa mambo mawili yaliyo mbalimbali: maji yapungue, kisha kuta na sakafu zikauke.

Mapendekezo

Napendekeza, kwanza, walimu wafundishe *kuanika*, *kukausha*, *kukauka* na *kuanua* pamoja, kwa mpango wa kazi yenyewe, wala wasiyatoe kama visawe. Pili, maofisa wa uvuvi, waandikapo maelekezo kwa wavuvi na wachuuzi, waache kusema "kausheni kwa siku kadha," maana siku ni kipimo cha kuanika. Waandike "anikeni hata wakauke," kisha waeleze dalili za kukauka. Lugha ikitumika kwa uaminifu wa namna hiyo, mnunuzi hatadanganyika, mchuuzi hatapata hasara, na jasho la waliokesha ziwani litapata thamani yake.