Kubadilisha Kazi Si Kuanza Sifuri

Mtu mzima anapoacha kazi aliyoizoea ajifunze nyingine, maneno hayakosi. Nyumbani ataulizwa karo ya watoto itatoka wapi. Stejini ataambiwa amechelewa. Swali la karo ni la haki, na lijibiwe kwa hesabu: familia itakaa miezi mingapi bila mshahara, na nani atasaidia kubeba mzigo. Maneno ya stejini hayana hesabu, basi yasimrudishe nyuma.

Mwaka wa 2012 Eliud Kipchoge, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka wa 2003, alikosa nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Mwaka wa 2013 alihamia marathoni, akashinda Hamburg. Mwaka wa 2016 alileta dhahabu kutoka Rio. Mazoezi ya miaka yote hayo hakuyatupa, alikwenda nayo.

Vivyo hivyo, dereva aliyezoea kurekebisha gari lake haanzi sifuri akiingia ufundi wa magari. Hata aliyejifunzia kazini anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza. Vyuo vya ufundi vya vijijini navyo ni jukumu la kaunti chini ya Katiba ya 2010. Anayetaka kuanza afike chuo kilicho karibu, aulize masomo, muda na karo.

Watakaosema watasema. Kazi safi ndiyo itakayowajibu.