Mashine Imekuja, Haki ya Mfanyakazi Iko Wapi?

(Mazungumzo na vijana na wazazi wa Mukuyuni kabla ya futari)



Wazee wetu, mama zetu na vijana wenzangu. Mada niliyopewa ni akili bandia na kazi. Wengi wanauliza, je, kompyuta itatunyang'anya riziki? Riziki hutoka kwa Mwenyezi Mungu, hilo tunalijua. Lakini ujira unapitia mikononi mwa wanadamu, na hapo ndipo penye maneno.

Hebu tuanze na muthokoi. Nyanya zetu hapa Ukambani waliutwanga kwa kinu na mchi. Mashine ya kukoboa ilipofika sokoni, mama alilipa shilingi chache akapumzisha mikono. Nguvu zilizookolewa zilikuwa zake, na faida aliiona nyumbani kwake.

Sasa twende Kericho. Huko mashine ya kuchuma chai ikishikwa na watu wachache hufanya kazi ya wachumaji wengi. Mei 2023 watu wenye hasira walizichoma moto baadhi ya mashine hizo. Kuchoma mali ya mtu si njia. Lakini tofauti mnaiona: mchumaji anabaki bila kazi, faida inabaki kwa mwenye mashine.

Na hii akili bandia je? Vijana, msidhani inajifunza yenyewe tu. Inafunzwa na watu, na baadhi yao walikuwa Nairobi. Kuanzia Novemba 2021, wafanyakazi wa kampuni ya Sama walisoma maandishi ya ukatili na uchafu wakiyawekea alama, ili OpenAI, wenye ChatGPT, waifunze kompyuta yao kuyatambua. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba walipokea kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa, ilhali mkataba ulikuwa wa dola 12.50 kwa saa. Sama ilijibu kuwa pesa hizo zililipia gharama nyingine pia. Wafanyakazi wengine walieleza kuwa waliyoyasoma yaliwaumiza akili. Mei mwaka huo huo, zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi za namna hii walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao.

Kwa hivyo kazi mpya zinakuja. Swali ni zinakuja kwa bei gani.

Basi nina nasaha tatu. Kwanza, kijana, ukiitwa kazi ya kompyuta mjini, usitie sahihi kwa haraka. Uliza mshahara, saa za kazi, utakachosoma au kutazama, na nani atakutibu ukiugua. Usiende peke yako, shikaneni.

Pili, mzazi, mtoto akipiga simu usiulize tu, "Umetuma ngapi?" Muulize pia, "Unalala vizuri?"

Tatu, sisi wenye duka, shamba au kinu cha kusaga. Tusilaumu kampuni za ng'ambo huku kibarua wetu anazungushwa wiki mbili. Dini imetufunza kumlipa mfanyakazi mapema, jasho likiwa bado mwilini. Tukianza haki hapa Mukuyuni, tutakuwa na uso wa kuidai kwingine.

Mwenyezi Mungu azikubali funga zetu na atujaalie riziki ya halali.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.