Wawili Hawako Peke Yao

Saikolojia ya mapenzi imezoea kuhesabu watu wawili. Kwamba ujirani huzaa mazoea na mazoea huzaa mvuto, tunajua tangu Festinger na wenzake mwaka 1950, na Zajonc akalikazia hilo mwaka 1968. Kwamba moyo unaodunda kwa hofu unaweza kudhaniwa umependa, tunajua tangu Dutton na Aron walipowahoji wanaume juu ya daraja la kuning'inia huko Kanada mwaka 1974. Sina ugomvi na matokeo hayo. Ugomvi wangu ni na picha tuliyobaki nayo baada ya kuyasoma: wapendanao wako chumbani, na jamii iko nje ya mlango.

Picha hiyo ina mtetezi hodari. Mwaka 1972, Driscoll, Davis na Lipetz walichapisha uchunguzi wa jozi 140 huko Colorado, baadhi wanandoa na wengine wachumba, wakaeleza kwamba kadiri wazazi walivyozidi kuingilia, ndivyo mapenzi yalivyozidi kukolea. Matokeo yakapewa jina la Romeo na Juliet, na jina tamu lina maisha marefu kuliko takwimu zake. Tangu hapo mzazi anayekataa posa huambiwa kwamba anachochea moto. Lakini tazameni waliohojiwa ni akina nani: ni wale waliokuwa bado pamoja. Binti aliyekatazwa akakatazika hakuwamo. Kijana aliyejua tangu utotoni kwamba nyumba ile haiposwi na watu wa kwao, akapita bila hata kuinua macho, hakuwamo pia. Upinzani ulikwisha kuwachuja watu kabla mtafiti hajafika na hojaji yake, kisha yeye akawapima waliobaki na kuusifu upinzani kwa kuwapa nguvu. Hata ndani ya kundi hilo teule hoja haikudumu. Sinclair, Hood na Wright waliporudia kazi hiyo mwaka 2014, walikuta kinyume chake: ridhaa ya jamaa na marafiki ndiyo iliyoendana na mapenzi kustawi, na kutoridhia kwao kukaendana na kufifia. Katika nchi kama Rwanda, yenye umuranga, yaani mshenga wetu, na siku nzima ya gusaba, yaani posa, ambapo wazee wa pande mbili hushindana kwa maneno huku maharusi wakisubiri, habari hiyo ilikuwa mpya kwa maabara tu.

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote kwamba jamii imo chumbani pamoja na wapendanao umetoka huko huko Rwanda. Mwaka 2004 shirika la La Benevolencija lilianza kurusha Musekeweya, mchezo wa redio kuhusu vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro, na vijana wawili, Shema na Batamuriza, wanaopendana kuuvuka uhasama wa vijiji hivyo. Makabila hayatajwi, na kila msikilizaji anaelewa. Mwanasaikolojia Elizabeth Levy Paluck alipanga jamii kadhaa kwa jozi: kwa mwaka mzima, moja ilisikiliza kanda za mchezo huo kila mwezi, nyingine ikasikiliza mchezo wa mambo ya afya. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2009 yanastahili kusomwa polepole. Imani za watu binafsi kuhusu chanzo cha ukatili hazikusogea sana. Kilichosogea ni jinsi walivyoona mwenendo unaokubalika: waliosikiliza Musekeweya hawakuwa tayari kama wenzao kuwashauri watoto wao waoe au waolewe na watu wa eneo, dini au kabila lao tu. Mwishoni kila kikundi kilipewa redio na kanda. Vile vya mchezo wa afya viliharakia kumkabidhi kiongozi wa mtaa. Vile vya Musekeweya vilijadiliana na kuelekea kuvitunza kwa pamoja.

Nitaambiwa kwamba ushauri kwa mtoto si mapenzi. Ni kweli; Paluck hakupima mvuto. Nitaambiwa pia, na hoja hii ni nzito zaidi, kwamba ndoa za mchanganyiko zilikuwapo nchini kabla ya 1994 na hazikuzuia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Hazikuzuia. Anayetarajia ndoa zifanye kazi ya sheria na uongozi anazibebesha mzigo usio wao. Ila tukumbuke gazeti la Kangura la Desemba 1990 na zile ziitwazo Amri Kumi za Wahutu. Amri ya kwanza kabisa haikuhusu jeshi wala ardhi. Ilimtangaza kuwa msaliti Mhutu anayemwoa Mtutsi au kumfanya mpenzi. Waandishi wale hawakujisumbua kumthibitishia msomaji kwamba mwanamke aliyempenda hapendeki. Walimwambia jirani zake watamwitaje. Walijua jambo ambalo hojaji zetu hazijaanza kuuliza. Tunamuuliza kijana anampenda mwenzake kiasi gani, tunampa namba moja hadi tisa achague, na hatumuulizi ni akina nani hajawahi kuwafikiria kabisa, na ni nani aliyemfundisha kutowafikiria.